Udi Kwenye Hariri ya Watu

Watu wa Ibra, hapa Omani, wakiniuliza binti yangu anafanya kazi gani huko Japani, huwaambia anafuma nguo. Wanangoja niendelee. Nisipoendelea, wananiuliza kama ana duka. Nikiwaeleza kwamba anafuma hariri za watu wa michezo ya kuigiza ya kale, na kwamba nguo moja yaweza kumla mwaka mzima, wananitazama kama mtu anayewaficha jambo. Jirani yangu mmoja alifika hata kuniambia nisione haya, kazi ni kazi, kama mtoto anasafisha hoteli niseme tu. Nilimmiminia kahawa, akanywa, akaenda zake. Tangu siku ile nikiulizwa nasema ana duka.

Ni mtoto wangu wa pekee, sikujaaliwa mwingine. Alikwenda Japani kusomea mitambo, na mimi nikawa nangoja amalize arudi, aajiriwe, tumtafutie mume. Siku moja akapiga simu kasema ameacha mitambo, amepata mwalimu wa kufuma. Nikamwambia simu haisikiki vizuri. Baba yake, Mungu amrehemu, alikuwa hai bado, na yeye alicheka. Kwao ni Sur, na mtoto alipokuwa mdogo alikuwa akimpeleka huko kumtazama mzee mmoja aliyekuwa akifuma zile nguo za mistari ambazo wazee wetu Unguja, nilikozaliwa, walikuwa wakijifunga siku za Idi. Yule mzee alikaa shimoni, miguu ndani, kitanda cha mfumi, chombo chake cha kufumia, kiko sawa na ardhi, na mtoto alikaa ukingoni asubuhi nzima bila ya kuomba hata maji. "Hiyo damu ya Sur," akasema baba yake. Nikamwambia damu ya Sur ingebaki Sur, Japani imefuata nini?

Baada ya baba yake kufariki nyumba ikawa kubwa. Haikuongezwa chumba hata kimoja, lakini ikawa kubwa. Nilikuwa nimeshastaafu kazi yangu ya ofisini, na wenzangu niliokuwa nikizungumza nao Kiswahili wakawa wanatangulia mbele ya haki mmoja mmoja. Waliobaki masikio hayasikii. Watoto wa mtaani wananiamkia vizuri, shikamoo bibi, nikishaitikia marahaba basi, mengine yote Kiarabu. Mimi Kiarabu nakijua, nimekifanyia kazi umri wangu wote, lakini sijui kunung'unika nacho. Mtu akiumwa na goti anataka kunung'unika kwa lugha aliyolelewa nayo. Kwa hiyo Kiswahili changu kikabakiwa na mtu mmoja, naye yuko Japani, na anapoamka yeye mimi ndio kwanza nimelala. Nilikuwa mpweke. Sioni haja ya kulipamba neno.

Sasa, msimu wa baridi uliopita akanipigia, uso umechangamka. Kikundi cha wale waigizaji kimealikwa Nizwa, na mzee wao mkubwa atavaa nguo aliyoifuma yeye binti yangu, ya kwanza kupewa aifume peke yake tangu uzi wa mwanzo mpaka wa mwisho. Atakuja nayo mwenyewe mapema, haamini kuiacha ije na mizigo. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayeweka kitu mezani polepole, kwamba kuna kituo Manah, karibu na Nizwa, kinachofundisha kazi za mikono, wanataka mwalimu wa kufuma, na wamemwandikia.

"Utakubali?" nikamwuliza.

"Nitakwenda kupatazama, mama. Mchezo ukimalizika nitakwambia."

Kutoka Manah mpaka Ibra, mtu mwenye gari anakuja nyumbani kila Alhamisi. Anaweza kuja hata katikati ya wiki akitamani biriani. Nilikisafisha chumba chake mimi mwenyewe, kwa goti langu hili. Nikanunua godoro jipya, nikamwita fundi akaitazama AC, nikatoa mapazia nikayafua. Jirani akaniuliza kama kuna harusi. Nikamwambia inshallah. Nilikuwa sijawahi kumwomba Mungu jambo kwa ukaidi namna ile: mtoto abaki.

Alipofika alikuwa amelipakata sanduku jembamba la mti mwepesi mweupe, na hakuliweka chini hata kunisalimu. Nilimkumbatia na sanduku likawa katikati yetu. Nikasema moyoni, vyema, tumeanza.

Alilifungua katika chumba cha wageni, baada ya kunawa mikono na kuikausha vizuri na kuvua bangili. Kulikuwa na karatasi nene iliyofungwa kwa vikamba, na ndani ya karatasi nguo. Mimi nguo nimeziona. Nimeona majoho ya dhahabu tupu, nimeona hariri za Sur, na wanawake wa Ibra wananiita niwavishe mabibi harusi wao. Ile sikuwahi kuona mfano wake. Ilikuwa nzito kama blanketi, mikono yake mipana na mifupi, na mwili mzima umejaa majani marefu ya porini yaliyoinama upande mmoja, na vijiua baina yake, rangi ya buluu iliyoiva, hudhurungi, kijani kilichofifia, nyeupe, na chini ya yote dhahabu. Nilidhani yametariziwa. Nikasogea na miwani.

"Siyo tarizi, mama. Yamefumwa humohumo. Kila ua lina uzi wake, unapita pale penye ua tu kisha unarudi. Nauacha juu ulegee kidogo, ndiyo maana unaliona kama limevimba."

"Na dhahabu?"

"Karatasi. Inabandikwa dhahabu juu, halafu inakatwa nyembamba kama unywele, inafumwa."

Nikatazama tena, kila mahali. "Sasa mbona hamna nyekundu?"

"Nyekundu ya wasichana," akasema. "Kwenye michezo hii, mwanamke akitoka na nguo yenye nyekundu, watu wanajua huyo kijana. Isipokuwa na nyekundu, ni mtu mzima."

"Mtu mzima kama nani?"

"Kama wewe."

Nikamwambia basi wamshukuru Mungu huyo mtu mzima kwa kuachiwa hata hiyo buluu. Alicheka. Nilitaka kumwambia na yeye asijione msichana sana, kwa umri wake, nikayameza, kwa sababu wiki ile nilikuwa nameza kila kitu kinachoweza kumuudhi. Hata aliponiambia kwamba yule mzee wao atakayeivaa nguo ile ya kike ni mwanamume, nilisema astaghfirullah moja tu. Akaniambia haioshwi maisha yake yote. Jasho la mwigizaji hukaushwa kivulini, nguo ikakunjwa, ikarudi kwenye karatasi. Maji yataiua. Jua litaiua. Mafuta ya mikono yataiua. Nikamwuliza kitu gani hakitaiua.

Nikamwuliza pia huo mchezo una kisa gani. Akasema ni mwanamke anayekaa peke yake mahali pasipopita watu. Anakuja msafiri, wanazungumza, msafiri anakwenda zake.

"Halafu?"

"Halafu basi, mama. Msafiri anakwenda zake."

Siku aliyokwenda Manah kukitazama kile kituo, aliitundika nguo kwenye ufito uliopita mkono hata mkono, ipate hewa baada ya safari. Ikakaa chumbani imefungua mikono. Mlangoni akageuka akaniambia, "Mama, usiiguse." Nikamwambia sitaigusa. Na sikuigusa. Moshi ndio ulioigusa.

Ilikuwa Alhamisi. Nyumba yangu zamani haikupitwa na Alhamisi bila ya kufukizwa, lakini tangu nibaki peke yangu nilikuwa nimeacha. Udi wa mtu mmoja ni kazi bure. Wiki ile nyumba ilikuwa na mtu. Baada ya alasiri nikatoa kopo. Udi wangu naupika mwenyewe kama alivyonifunza mama yangu: vijiti vya udi, sukari, ambari, miski, mawardi, na vitu viwili vitatu ambavyo sivisemi. Ukinunua wa tayari kwenye soko letu la wanawake la Jumatano utapata wenye harufu, lakini huo ni wa kila mtu. Nikawasha mkaa, nikatia chetezoni, nikapita chumba kwa chumba na bismillahi yangu, nikaingia na kwa wageni.

Nguo ilikuwa imesimama pale kama mtu anayengoja kukumbatiwa. Sasa niambieni. Kwetu mtu hatoki kwenda mbele ya watu bila ya kufukizwa. Bibi harusi hufukizwa, maiti hufukiziwa, mgeni akiaga anapitishiwa chetezo chini ya nguo ndipo anaruhusiwa mlango. Na hii hariri, iliyomla mwanangu mwaka, inayokwenda kutazamwa na Nizwa nzima, itoke nyumbani kwangu haina harufu? Watu waseme mtoto hana mama? Nilikiweka chetezo chini ya pindo, mbali kiasi cha moto usidhuru, nikafunga dirisha, nikafunga mlango, nikaiacha inywe mpaka adhana ya magharibi. Nilifurahi sana alasiri ile. Nilikuwa naimba jikoni.

Aliingia na uso ambao sikuuona tangu alipokuwa na miaka ya shule. Hata viatu hakuvua. "Mama, pazuri kule. Wana mashimo ya kufumia ya zamani, wameyafukua na kuyatengeneza, na wasichana wanaotaka kujifunza kweli. Nimewaambia..."

Pua yake ilijua kabla ya macho. Akanipita, akafungua mlango wa wageni, na moshi wote uliolala mle ukatoka kutulaki.

Hakupiga kelele, afadhali angepiga. Alifungua madirisha, akachukua tochi ya simu akaipitisha juu ya dhahabu, inchi kwa inchi, uso umekaribia nguo. Muda mrefu.

"Umetia sukari," akasema.

"Udi gani usio na sukari?"

Akanieleza kwa sauti ndogo, bila ya kunitazama. Moshi wa udi mtupu labda ungevumilika. Lakini sukari na mafuta hukaa juu ya dhahabu, na miaka ikipita dhahabu inaweza kuwa nyeusi, na wadudu wanaweza kuipenda. Maji hayatumiki. Jua halitumiki. Na nguo si yake, wala si ya mwalimu wake. Ni ya nyumba ya yule mzee, itavaliwa naye, kisha na wanafunzi wake, kisha na wanafunzi wa wanafunzi.

"Nguo ya watu hii, mama."

"Kwetu nguo ya watu ndiyo inayofukizwa zaidi."

Aliinua macho. "Najua," akasema, na akaingia bafuni akafungulia maji ili nisisikie. Nilisikia.

Niliumia, bila shaka, mama gani asiumie. Lakini nikiwa nimesimama na sahani ya chakula ambacho hakukila, lilinijia wazo na nikalikaribisha. Wakiikataa nguo, yule mzee atakasirika. Akikasirika, hawatamtaka tena huko. Wasipomtaka, Manah ipo, na godoro nimeshanunua. Basi waikatae. Nilitaka waikatae, wamrudishie sanduku lake mkononi, tuje nalo zetu Ibra.

Kesho yake tulikwenda Nizwa, tukapita Sinaw, yeye anaendesha na sanduku limefungwa mkanda kiti cha nyuma. Hatukuzungumza njia nzima ila mara moja nilipomwonyesha ngamia barabarani, naye alikuwa ameshamwona.

Chumba cha kuvalia nguo walikuwa wametandika mikeka. Yule mzee alikuwa mtu mdogo, kichwa kimenyolewa, amekaa wima na nguo nyeupe za ndani, na wanaume wawili wa kumvisha wako nyuma yake. Binti yangu akapiga magoti, akaweka sanduku mbele yake, akasema maneno. Kisha akaweka mikono juu ya mkeka, na paji la uso juu ya mikono, na akabaki hivyo.

Kwetu paji la uso halishuki chini ila kwa Mungu. Damu ilinichemka. "Inuka," nikamwambia kwa Kiswahili. "Inuka mwanangu. Kosa langu mimi. Kama ni lazima kuinama nitainama mimi, na goti likikataa wataniinua."

Hakuinuka. Wale wanaume wakafungua karatasi, na harufu ikatoka.

Nyumbani siisikii. Pua imeizoea, na mtu hasikii harufu ya nyumba yake. Lakini pale, kwenye chumba cha watu nisiowajua, chenye harufu ya mikeka mipya, iliniingia kama nimefunguliwa mlango wa mama yangu Unguja. Nilikaribia kuita hodi. Mmoja wa wale wavishaji akarudi nyuma hatua na kumtazama mwenzake. Mzee akaushika mkono wa nguo, akauleta puani, akafumba macho. Nikasema moyoni, ikatae. Ikatae, baba, unisaidie.

Akauliza kitu. Binti yangu, kichwa bado chini, akanionyesha kwa mkono. Mzee akanitazama.

"Mwambie," nikasema, "kwetu mtu hatoki kwenda mbele ya watu bila ya udi."

Akamwambia. Mzee akazungumza, polepole, na mrefu, na binti yangu akawa anainuka kidogo kidogo kadiri anavyosikia, mpaka akakaa wima. Uso wake ukabadilika. Uso huo nimeuosha mimi. Nikaona neno limeingia.

"Kasemaje?"

"Kasema mti anaujua, udi na kwao upo. Ila hiyo sukari haijui."

"Maneno yote yale ni sukari tu?"

"Kasema ataivaa."

Nilisema alhamdulillahi kwa ulimi. Moyoni nilinyong'onyea.

Walimvisha mbele yetu. Nguo zile hazifungwi vifungo. Wanamkunjia na kumkaza kwa kamba, kisha wanachukua sindano na uzi wanamshonea hukohuko mwilini, kama bibi harusi ambaye nguo imempwaya na wageni wameshafika. Mzee hakutikisika. Mwisho wakampa uso wa mbao wa mwanamke, akautazama kwanza mikononi kwa adabu, akauvaa, akajitazama kiooni. Hapo mzee hakuwepo tena. Alikuwepo mtu mzima asiye na nyekundu.

Mchezo wenyewe sitaki kusema uongo, ulikuwa wa taratibu mpaka mtu anasikia mgongo wake. Ngoma mbili tatu, zumari, watu wanaghani kwa sauti za tumboni, na yule mwanamke anatembea kutoka pembe moja mpaka pembe nyingine kwa muda ambao mimi ningeshapika wali. Lakini hariri ile ilikuwa inafanya kazi. Kila akigeuka, majani yalikuwa yanawaka na kuzimika, na maua ya mwanangu yalikuwa yanatoka kivulini moja moja. Harufu ikafika safu za mbele. Mwanamke aliyekaa nyuma yangu akamwambia mwenzake kwa Kiarabu, nani huyu aliyejifukiza namna hii, mashallah. Nikageuka nikamwambia ni yule pale juu. Akanitazama kama nimepungukiwa.

Kisha msafiri akaenda zake. Yule mwanamke akabaki kasimama, akainua mkono mmoja polepole mpaka mbele ya macho, haukugusa uso, ukakaa hapo, kisha ukashuka. Binti yangu alikuwa ameniambia huko ndiko kulia kwao. Ni hivyo tu. Mimi nililia kama tunavyolia sisi, kwa kamasi na mtandio.

Wakati wa kurudi, tulipofika penye njia ya kukatia Manah, alipunguza mwendo. Nikadhani anataka kunionyesha kile kituo. Hakukata. Akazungumza huku anaitazama barabara.

"Jana nilipokwenda Manah niliwaambia ndiyo, mama. Nilikuwa naja kukwambia."

Nikangoja. Lori likatupita.

"Na sasa?"

"Yule mzee kasema nguo nimeifuma mimi, na moshi umetoka nyumbani kwangu, basi niiangalie mimi. Kila kiangazi nguo zao zote hutolewa zikapigwa upepo kivulini. Hii niitoe kwa mkono wangu, nitazame dhahabu uzi kwa uzi, niitunze mpaka harufu itoke. Hataki mfumaji mwingine aishike, basi lazima nibaki kulekule. Na kampigia mwalimu wangu kumwambia."

"Si ungekataa?"

"Ningekataaje? Ningemwambia moshi wa nani?"

Yeye akaniuliza, kwa upole kabisa, "Udi wako hutoka baada ya muda gani, mama?"

Sandukuni kwangu kimo kitambi cha baba yake, nguo ile ya mistari ya Sur. Nilikifukiza Idi yake ya mwisho, na mpaka leo nikiinua kifuniko kinanukia kama ananiita nimpe kahawa.

Nilimtazama ubavuni anavyoendesha. Huzuni ilikuwepo. Lakini chini ya huzuni nikaona amepumua. Alikuwa mtu aliyeondolewa taabu ya kuchagua, na akasukumwa upande uleule ambao angeuchagua kama nisingekuwepo. Hilo liliniuma kuliko lolote alilolisema, na nikamwambia aangalie barabara, anakwenda kasi. Hakuwa anakwenda kasi.

Siku ya kuondoka nilimtilia kopo la udi begini, kisha nikalitoa. Niliona amekwishachukua wa kutosha. Uwanja wa ndege tulikumbatiana bila ya sanduku, maana sanduku lilitangulia na wenyewe, na nikagundua amekonda mabega. Nilimwambia ale. Mtu anapokosa la kusema, hilo lipo daima.

Chumba chake nimekiacha na mapazia yake. Ufito aliotundikia nguo bado uko kwa wageni, sijui wa kumwambia aushushe. Na Alhamisi nimerudia kufukiza, kila Alhamisi, chumba kwa chumba, sijui kwa ajili ya nani. Jirani anasema harufu inafika mpaka kwake.

Kiangazi hiki, siku moja Ibra imewaka mpaka mbuzi hawaonekani, akanipigia. Sauti tu, bila ya picha. Akasema leo ndiyo ilikuwa siku ya kutoa nguo. Wamefunga kamba chumba kizima, hariri zimejaa juu, mtu anapita baina yake ameinama. Dhahabu haijabadilika bado. Lakini alipofungua karatasi ya nguo yetu, ndivyo alivyosema, nguo yetu, harufu ilitoka kama jana, na wenzake wakaziba pua kwa adabu, wakafungua madirisha yote, kisha wakaenda kula.

"Nikabaki peke yangu, mama," akasema. "Nikayafunga madirisha."

"Utakufa na joto," nikamwambia.

Akacheka. Kisha akawa hacheki.

"Inanukiaje?" nikamwuliza.

"Kama umesimama nyuma yangu."

Tulipoagana ilikuwa Alhamisi, magharibi inakaribia, na chetezo kilikuwa bado kina moto miguuni pangu. Niliuvuta mtandio wangu nikaunusa, kwanza ncha, kisha nikauingiza uso wote ndani. Sikusikia kitu.